Kubadili ekzosi ya pikapu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gereji yetu iko Mtwara mjini, na wateja wetu wengi ni watu wa pikapu: wabeba samaki wa Msimbati, wanunuzi wa ufuta wa Lindi vijijini, wenye mikorosho Tandahimba na Newala, na vijana wachache ambao gari lao halibebi kitu zaidi ya muziki. Wanauliza yale yale. Tumeandika hapa majibu tunayowapa tukiwa tumelala chini ya gari.

Nitajuaje kama ekzosi imekwisha kabisa au imetoboka tu?

Subiri injini ipoe, piga jeki, weka stendi. Chukua bisibisi kubwa na ugonge bomba kwa mpini wake, kuanzia kwenye manifoldi (kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini) ukirudi nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinalia kama boga. Ukifika penye boga, geuza bisibisi na usukume kwa ncha, hasa kwenye mishono ya sailensa na sehemu ya chini ambako maji hutuama.

Kabla ya msimu wa korosho uliopita alikuja mzee mmoja na Hilux, akasema, “Mwanangu, niwekee kiraka tu, nina safari ya Masasi kesho.” Bisibisi ilizama kwenye sailensa mpaka mpini, na kutu iliyomwagika ilitosha kujaza kikombe cha chai. Kiraka kinahitaji chuma cha kushikia, na pale chuma hakikuwepo tena. Ikiwa tundu ni moja na pembeni yake panalia vizuri, tutaziba, wala hatutakuuzia ekzosi mpya.

Kwa nini huku zinaoza haraka kuliko kwa ndugu yangu wa Songea?

Kwa sababu huku zinaliwa pande mbili. Nje kuna chumvi: upepo wa bahari, mchanga wa ufukweni, tope la mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi. Ndani kuna maji, na hili wengi hawalijui. Lita moja ya mafuta ikiungua kwenye injini hutoa maji yanayokaribia lita nzima, yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba lote linapata moto na mvuke unatoka nje. Gari likiwa la kutoka Shangani hapa mjini kwenda sokoni na kurudi, sailensa ya nyuma haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji humo humo, unachanganyika na masizi na salfa, na hiyo ni tindikali. Ndiyo maana sailensa ya nyuma kabisa ndiyo hufa kwanza: ndiyo iliyo baridi kuliko zote.

Sailensa nyingi nzuri zina kitundu kidogo chini, ukubwa wa msumari. Ni cha kutolea maji. Kuna wateja wanakuja wakitaka tukizibe kwa sababu “kinavuja”. Kiache.

Ukitoka ufukweni, osha chini ya gari siku hiyo hiyo, siyo Jumamosi. Na osha kwa maji matamu. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na kuosha chesisi kwa maji ya kisima cha namna hiyo ni kuipaka chumvi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Basi ninunue chuma gani?

Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda, kabla hujafikiria sauti wala ncha inayong'aa.

Kuna chuma cheusi cha kawaida. Ni rahisi, fundi yeyote anakichomelea, na kwa gari linalolala Masasi au Nachingwea kinaweza kukufaa vizuri tu. Kwa gari linalolala Mikindani, kando ya bahari, ukikinunua jua unanunua kitu cha muda.

Kuna chuma kilichopakwa aluminiamu kwa kuchovywa. Kina rangi ya kijivu iliyofifia, kinavumilia joto, na kwa bei yake ni chaguo la maana. Udhaifu wake uko kwenye maungio: moto wa kuchomelea unaunguza ile aluminiamu, na kutu huanzia hapo hapo. Kwa hiyo maungio yakiwa machache, maisha yanakuwa marefu, na kila ungio lipakwe rangi ya kuvumilia joto siku ile ile.

Halafu kuna stenlesi, chuma kinachostahimili kutu, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Stenlesi siyo moja. Ile inayoitwa 409 ina kromi kama asilimia 11. Inapata kutu ya juu juu, rangi inaharibika, ila haitoboki upesi. Ekzosi nyingi za kiwandani zimetengenezwa kwa chuma cha ukoo huo. Ile ya 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, nayo ni bora zaidi kwa pwani. Ipo pia 316, iliyoongezwa molibdeni kwa ajili ya chumvi. Hiyo ni ya watu wa boti, na kwa pikapu ni anasa.

Njoo na sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Iweke kwenye sehemu iliyonyooka ya bomba: kwenye 409 itanata kabisa, kwenye 304 itateleza au itashika kwa mbali sana, hasa penye kona. Muuzaji akikuambia “hii 304” na sumaku imeng'ang'ania kama kupe, umeshapata jibu.

Kitu kingine: angalia flenji (zile sahani za kuungia mabomba kwa bolti), bolti na vishikizo. Tumeona bomba la stenlesi safi limefungwa kwa bolti za chuma cheusi. Baada ya mvua mbili za masika bomba linang'aa, bolti zimekuwa donge, na kuzifungua ni lazima grainda.

Bomba la inchi ngapi?

Kwanza tuondoe ile hadithi ya kijiweni kwamba injini “inahitaji mgandamizo wa moshi nyuma”. Hakuna injini inayohitaji kuzibwa pua. Kilicho kweli ni kwamba injini isiyo na tabo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini), hasa ya petroli, inafaidika moshi unapotoka kwa kasi, kwa sababu mkupuo mmoja unavuta unaofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unapoa, unapunguza mwendo, na gari linakuwa zito kwenye raundi za chini, yaani injini ikizunguka polepole. Na raundi za chini ndizo unazozitumia ukiwa na mzigo kwenye mchanga.

Kwa injini yenye tabo habari ni nyingine. Baada ya tabo, kila kizuizi unachokiondoa ni faida: tabo inashika mapema kidogo na joto la moshi linapungua. Hilux zenye injini za dizeli za 2KD, 1KD na hizi za 1GD zinakubali inchi mbili na nusu mpaka tatu bila shida, ikiwa bomba linapata njia ya kupita. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ambayo haina tabo, usiivishe bomba la inchi tatu kwa sababu tu umeliona kwa jirani mwenye tabo.

Nitapata nguvu zaidi? Mafuta yatapungua?

Kidogo. Ukibadili kuanzia katikati kurudi nyuma na usiguse kitu kingine, usitegemee maajabu. Tofauti utaisikia zaidi kama ekzosi ya zamani ilikuwa imeziba au imebonyea. Mtu anayekuahidi lita kadhaa kwa safari moja ya Lindi anauza maneno.

Niagize iliyo tayari au nichongewe na fundi hapa?

Zote zinawezekana. Ukiagiza, hakikisha ni ya gari lako kwa namba ya chesisi, siyo kwa jina. Hilux ya 2008 na ya 2018 zote ni Hilux, lakini chesisi ni tofauti, injini ni tofauti, na tabo haiko mahali pamoja. Seti nyingi zinazoonekana mtandaoni ni za pikapu za Marekani zenye usukani kushoto, kama Tacoma na F-150, na hakuna hata kipande kitakachokaa kwako. Tafuta zilizotengenezwa kwa magari ya usukani kulia, hasa za Thailand na Australia. Uliza pia: ni ya mbili kwa nne au ya nne kwa nne? Ya kebini moja au mbili? Mteja wetu mmoja aliuziwa seti mjini Dar es Salaam bila kuulizwa maswali hayo. Ilifika kwa basi imefungwa vizuri sana, na ilipofunguliwa kona ya kupitia juu ya difu (lile boga la gia katikati ya ekseli ya nyuma) ilikuwa upande wa pili.

Ukichongewa hapa, kitu cha kuangalia ni kona. Mashine nzuri inakunja bomba bila kulibana, upana unabaki ule ule mpaka mwisho. Mashine ya kawaida inalibonyeza kwenye kona, na bomba lako la inchi mbili na nusu linakuwa na koo la inchi mbili. Fundi asiye na mashine anakata vipande na kuviunga kama pingili za muwa. Ipo pia njia ya wazee: wanajaza bomba mchanga mkavu, wanaushindilia, wanaziba pande zote mbili, wanachoma kona mpaka iwe nyekundu, ndipo wanakunja taratibu. Mchanga unazuia ukuta wa bomba kuingia ndani. Ikifanywa kwa subira, kona hiyo haina aibu mbele ya ya mashine. Mchanga lazima uwe mkavu kweli kweli, maana unyevu ukifungiwa ndani na kupigwa moto unalipuka. Hatuwaruhusu vijana wanaojifunza kuifanya peke yao.

Naweza kutumia bomba la maji? Ni rahisi.

Hapana. Lile la zinki likichomelewa linatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kutetemeka usiku kucha, na kwenye joto la ekzosi ile zinki haidumu. Tena ni zito.

Ekzosi mpya inagonga nikipakia mzigo, ila gari likiwa tupu iko kimya. Kwa nini?

Hili ndilo kosa tunalolirekebisha zaidi kuliko yote, na karibu kila mara ni kosa la fundi, siyo la ekzosi.

Pikapu ikiwa juu ya jeki, ekseli ya nyuma inaning'inia na juu yake kuna nafasi tele. Fundi anapitisha bomba hapo, linakaa vizuri, anapokea pesa yake. Siku unapopakia gunia za korosho, springi zinalala, ekseli inapanda, na bomba lililokuwa na nafasi ya kiganja sasa linakaliwa na difu. Ukiingia kwenye shimo linabonyea au linakata vishikizo.

Kipimo kisichodanganya ni hiki. Kwenye chesisi, juu ya ekseli, kuna raba nene za kuzuia ekseli isigonge. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, pima umbali kutoka ekseli hadi kwenye raba. Huo ndio mwendo ambao ekseli inaweza kupanda, na raba yenyewe nayo hubonyea kidogo. Kwa hiyo nafasi kati ya ekseli na bomba lazima izidi kipimo hicho. Sisi tunazidisha vidole vitatu. Tukimaliza kufunga, tunawaita vijana wa kijiwe cha bodaboda, wanane hivi, wapande bodini na kuruka ruka huku mmoja wetu akisikiliza kwa nje. Wanapenda kazi hiyo, na soda tunanunua sisi.

Angalia na majirani wa bomba: paipu za breki, tangi, nyaya na tairi la spea linaloning'inia nyuma. Bomba likipanuliwa linasogelea spea, na tumeshaona tairi jipya lisilowahi kugusa barabara limeiva upande mmoja. Pakikosa nafasi, weka bati la kukinga joto.

Vishikizo viwe vya raba, visiwe vya waya wala vya kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi. Injini inacheza, na bomba lazima lipate pa kuchezea. Kile kipande cha kunyumbulika kilicho karibu na injini nacho kisiondolewe. Ukikitoa na kuweka bomba gumu, mtikisiko wote unapanda kwenye manifoldi, nayo inapasuka.

Moshi utokee pembeni au nyuma kabisa?

Nyuma, upite bampa. Huku watu bado wanapanda bodini na mzigo, na moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Bomba linaloishia chini ya bodi linawavutisha mama na mtoto waliokaa juu ya magunia, na ukiwa na turubai ni mbaya zaidi.

Bomba la pembeni, mbele ya gurudumu la nyuma, lina kesi nyingine. Chini ya mikorosho wakati wa kiangazi kuna majani makavu. Waliofyeka wamesafisha, lakini kando ya njia majani yapo. Bomba linalopuliza chini na pembeni likiwa limetoka kubeba mzigo mzito siyo la kuegeshwa hapo.

Fundi amesema atanifungia sailensa mpya bure nikimwachia masega. Nikubali?

Usikubali kabla hujajua unachokiacha. Masega ni kile kisafisha moshi chenye matundu madogo madogo ndani, na watu wanayanunua kwa sababu yana platinamu, paladi na rodi, metali za bei kubwa. Sailensa ya “bure” umeilipia, pengine mara kadhaa.

Halafu kuna gari lenyewe. Pikapu za petroli za siku hizi zina sensa ya oksijeni baada ya masega. Yakiondolewa, taa ya injini inawaka na haitazimika kwa maombi. Dizeli za karibuni, hasa zilizotumika Uingereza kabla ya kuja huku, huwa na chujio la masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuunguza masizi kwa joto la zaidi ya nyuzi 500, na kompyuta inalifuatilia kwa sensa za presha na joto. Ukilitoboa, gari linaweza kujipunguzia nguvu lenyewe katikati ya mlima wa Newala. Chujio likiziba, mara nyingi dawa ni safari ndefu ya mwendo mzuri, au kulitoa na kulisafisha kitaalamu. Na kama limeanza kujisafisha, usisimamishe gari penye nyasi kavu.

Tukibadili ekzosi yako kuanzia nyuma ya masega, sensa hazijui kuwa tulipita.

Nataka sauti nzito, lakini isiniumize kichwa.

Sauti unayoipenda ukiwa umesimama kituo cha mafuta siyo utakayoishi nayo. Injini ya silinda nne kwenye raundi 2,000 kwa dakika inapiga mikupuo kama 67 kwa sekunde, na mngurumo wa namna hiyo unaifanya kebini nzima iwe ngoma. Raundi hizo ndizo za mwendo wa safari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na ukifika Somanga njiani utakuwa unajuta.

Sailensa ya bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungushiwa sufi ya kioo, hupitisha moshi vizuri ila hupiga kelele, na sufi ikiisha kelele inaongezeka. Yenye vyumba ndani ni kimya zaidi na inabana kidogo. Kwa pikapu ya kazi tunapendekeza sailensa kubwa ya katikati na kibomba cha kupunguza mvumo nyuma. Kabla hujalipa, omba kupanda gari la mtu aliyefunga kama hiyo, mwende mpaka Mikindani na vioo vikiwa vimefungwa.

Kuhusu trafiki: gari lenye kelele au moshi kupita kiasi linasimamishwa kama gari bovu. Usitegemee kujadiliana na askari pale Mangamba.

Wakati wa kuchomelea nifanye nini na umeme wa gari?

Chomoa betri, na kama fundi ni mwangalifu achomoe pia plagi za kompyuta. Waya wa ardhi wa mashine ubane kwenye bomba lenyewe, karibu na panapochomelewa, siyo kwenye bampa. Stenlesi ya 304 ichomelewe kwa vijiti vya 308, na ikiungwa na chuma cheusi viwe vya 309. Ukitumia vya kawaida, ungio litaota kutu kabla ya kitu kingine chochote.

Gari langu lina mkonga. Naweza kuvuka maji na ekzosi ya kawaida?

Mkonga, lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele, ni wa hewa inayoingia. Kwa ekzosi, injini ikiwa inaunguruma moshi unasukuma maji nje hata ncha ikiwa imezama. Shida ni injini kuzimika katikati: maji yanarudi ndani ya bomba, na gari likiwa limeelekeza mkia chini yanafika mbali. Usiwashe hovyo. Livutwe, likaguliwe kwanza.

Ncha ya kung'aa inasaidia nini?

Inang'aa.

Imefungwa leo na inatoa moshi na harufu. Kuna tatizo?

Ni mafuta ya kiwandani na rangi vinaungua. Baada ya mwendo wa nusu saa viwe vimeisha. Harufu ikiingia ndani ya kebini siku ya pili, rudi. Kuvuja tunakutafuta hivi: tunawasha injini ikiwa baridi, mmoja anaziba ncha kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache, mwingine anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Penye mapovu ndipo penye tundu. Ukiwa peke yako, tafuta alama nyeusi za masizi kwenye flenji. Na baada ya wiki moja ya kazi, hata bila dalili, pitia bolti zikazwe tena.

Ekzosi ya zamani niitupe?

Kama ni ya kiwandani na bado nzima, usiiache kwetu. Ipige brashi ya waya, paka mafuta machafu kwenye flenji, itundike darini mbali na upepo wa bahari. Mnunuzi wa gari lako anaweza kuiulizia. Kama imeoza, vijana wa chuma chakavu wanapita kila siku na mizani yao. Hakikisha tu kwanza kwamba masega hayamo ndani.